Chumba cha Bure Las Vegas: Kuchagua Hoteli Katika Mji wa Kasino



Wapendwa waamini, paroko huulizwa mambo mengi. Huulizwa juu ya ndoa, ubatizo wa watoto, mashamba ya urithi na bei ya mabati ya kigango. Ni mara chache sana huulizwa juu ya hoteli. Lakini mapema mwaka huu mume na mke wa mojawapo ya jumuiya zetu ndogo ndogo walifika ofisini wakiwa na simu mkononi. Mtoto wao wa kiume, anayefanya kazi Marekani kwa miaka kadhaa sasa, alikuwa amewaalika kwenda kuadhimisha huko miaka 30 ya ndoa yao. Alikuwa amewatumia picha za hoteli tatu za Las Vegas, katika jimbo la Nevada, akawaomba wachague moja. Mzee hakutaka kuchagua kabla ya kuzungumza nasi, na wanaomfahamu wanajua sababu yake. Kwa miaka sita mshahara wake uliishia kwenye mikeka ya kubashiri mpira, na huu ni mwaka wa tatu tangu aache.

“Baba Paroko,” alisema, “katika mji ule nitalala wapi nisirudi nilikotoka?”

Mama alikaa kimya. Naye alikuwa na swali, ila alilitoa baadaye.

Tunaandika makala haya kwa ridhaa ya familia yote, akiwemo kijana mwenyewe. Tunayaandika pia kwa sababu waamini wetu wanaosafiri wamezidi kuwa wengi. Wako wanaoalikwa na watoto wao, wako wanaotumwa na waajiri kwenye mikutano na maonyesho ya biashara, ambayo Las Vegas huyapokea kwa wingi kuliko miji mingi ya dunia. Sisi wenyewe tulipita huko kwa siku tatu tulipokuwa masomoni, na mengine tunayoyaeleza hapa tulijifunza kwa kuyalipia.

Tuanze na lililo jepesi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haihesabu michezo ya bahati kuwa kinyume cha haki kwa yenyewe. Inafundisha kwamba michezo hiyo haikubaliki kimaadili pale inapomnyima mtu kilicho cha lazima kwa mahitaji yake na ya wale walio chini ya uangalizi wake, na inaonya kwamba shauku ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa. Basi hatumwambii Mkristo yeyote kwamba ametenda dhambi kwa kulala katika hoteli yenye kasino. Wengi hulala humo kwa ajili ya arusi au kazi, wakaondoka bila kugusa mashine hata moja. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuuonja utumwa huo, fundisho la zamani la kuepa nafasi ya karibu ya dhambi huhusu mahali hasa: jengo lenye anwani, chumba chenye namba, na njia ya kutoka kitandani hadi barabarani.

Njia hiyo ndiyo picha za simu hazikuionyesha. Zilionyesha kitanda, bwawa la kuogelea na taa za usiku. Katika hoteli nyingi kubwa za barabara ile maarufu iitwayo Las Vegas Strip, ukumbi wa kamari hukaa ghorofa ya chini, katikati kabisa ya jengo. Mgeni akitoka mapokezi kwenda kwenye lifti huupita. Akishuka kula kifungua kinywa huupita tena, na vivyo hivyo akienda kwenye maonyesho ya jioni au kutafuta teksi. Hoteli moja kama MGM Grand ina vyumba zaidi ya 5,000, na si jambo la ajabu mtu kutembea dakika kumi ndani ya jengo kabla ya kuliona jua. Akikaa siku tano, mzee wetu angeupita ukumbi ule mara thelathini au zaidi, mchana na usiku, akiwa ameshiba, akiwa na njaa, akiwa amegombana na mkewe, akiwa na furaha. Ni nani kati yetu angempangia mlevi aliyeacha pombe chumba ambacho mlango wake unafungukia kilabuni?

Hayo hayakutokea kwa bahati mbaya. Nevada ilihalalisha kamari mwaka 1931, na tangu hapo ujenzi wa kumbi hizo umekuwa elimu kamili. Mtaalamu mmoja, Bill Friedman, ambaye aliwahi kucheza kamari mwenyewe kabla ya kusimamia kasino, alifundisha kwamba dari ziwe chini, mashine zisongamane, na njia zipindepinde ili mpita njia ajikute katikati ya michezo. Baadaye mbunifu Roger Thomas, aliyefanya kazi na tajiri Steve Wynn, aligeuza mambo. Katika Bellagio, iliyofunguliwa mwaka 1998, aliweka dari za juu, maua na mwanga, na ikaonekana kwamba mtu anayejisikia vizuri naye hukaa muda mrefu. Wale wawili walitofautiana juu ya dari, lakini wote walitaka mgeni akae muda mrefu. Tuseme kweli, sisi tuliokwenda kwa nia ya kulala tu tulisimama karibu nusu saa tukitazama watu wakicheza, tukakosa chakula cha jioni. Hatukucheza, lakini muda ulipita bila sisi kujua.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye hoteli lisiwe juu ya bei. Liwe hivi: je, naweza kutoka chumbani hadi nje bila kupita kwenye ukumbi wa kamari? Tena aulizwe kwa simu au kwa barua pepe, na jibu litunzwe.

Jambo la kushangaza ni kwamba Las Vegas ina hoteli nzuri zisizo na kasino kabisa, hata pale pale kwenye Strip. Vdara, iliyofunguliwa mwaka 2009, haina kasino, hairuhusu uvutaji wa sigara, na vyumba vyake vina jiko dogo, jambo la thamani kwa watu wa umri wa wazazi wetu wanaotaka kupika uji wao. Four Seasons imo katika ghorofa za juu za jengo la Mandalay Bay, lakini ina mlango wake na mapokezi yake, wala haina ukumbi wa kamari. Waldorf Astoria vilevile, ingawa hizo mbili za mwisho si za mfuko wa kila mtu. The Signature ni minara mitatu isiyo na kasino, ila imeunganishwa kwa njia ya ndani na MGM Grand. Hapo ndipo pa kuwa macho, kwa sababu “hakuna kasino” inaweza kumaanisha kwamba kasino iko mwendo wa dakika tano. Vdara nayo inapakana na Aria na Bellagio. Kwa mtu mwenye udhaifu mdogo dakika tano zinatosha. Kwa mwingine hazitoshi, na huyo ni heri atafute hoteli ya kawaida nje ya Strip, ya wasafiri wa kazi na familia, ambamo jioni hakuna la kufanya ila kulala.

Kuhusu moshi, kwa wenye pumu: sheria ya Nevada ya mwaka 2006 ilizuia sigara katika majengo mengi ya umma lakini ikaziacha kumbi za kamari. Kati ya hoteli kubwa zenye kasino kwenye Strip, Park MGM ndiyo iliyopiga marufuku sigara ndani, tangu mwaka 2020.

Sasa tuje kwenye bei. Hoteli tuliyofikia sisi ilitangaza dola 39 kwa usiku mmoja, nasi tukamshukuru Mungu mapema mno. Juu ya hizo iliongezwa ada ya lazima ya kila siku, ambayo wao huiita ada ya huduma za mapumziko, ya kulipia intaneti, ukumbi wa mazoezi na simu ambayo hatukuipiga. Ilikuwa dola 35. Juu ya jumla hiyo ikaja kodi ya vyumba, takribani asilimia 13. Kila usiku ukawa umetugharimu karibu dola 84. Siku hizi katika hoteli kubwa ada hiyo hufika dola 50 na kupita. Afadhali tangu tarehe 12 Mei 2025 kanuni ya Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani inazitaka hoteli zionyeshe tangu mwanzo bei iliyojumlisha ada zote za lazima, ingawa kodi zaweza kuongezwa mwishoni. Kwa hiyo mwenye kulinganisha hoteli alinganishe jumla ya mwisho kabisa, ile inayoonekana hatua moja kabla ya kulipa.

Kuna jambo ambalo huwaumiza Waafrika kuliko wengine. Mgeni anapofika, hoteli huzuia kiasi fulani cha fedha kwenye kadi yake kama amana, mara nyingi dola 50 hadi 100 kwa kila usiku, au zaidi. Mwenye kadi ya mkopo haoni shida. Lakini sisi tuliobeba kadi ya benki yenye akiba yetu yote ya safari tulikuta fedha hizo hazitumiki, na zilirudi siku ya tano baada ya kuondoka. Siku hizo tano tuliishi kwa ukarimu wa watawa. Pia friji ya chumbani si ya kuhifadhia maji yako. Katika hoteli nyingi za huko bidhaa za friji zimekaa juu ya vitambuzi, na ukiinua chupa ili uweke dawa yako, umeinunua. Wenye dawa za kisukari zinazohitaji ubaridi waombe mapokezi friji tupu.

Siku nazo zina bei zake. Chumba cha Jumanne chaweza kuwa nusu ya kile cha Jumamosi, na maonyesho makubwa ya teknolojia ya kila Januari, au mashindano ya magari ya Formula 1 ya kila Novemba tangu mwaka 2023, hupandisha kila kitu. Majira ya joto ni rahisi zaidi, lakini tarehe 7 Julai 2024 joto lilifika nyuzi 48.9, na Strip ina urefu wa takribani kilomita saba. Majengo ni makubwa mno hivi kwamba hoteli inayoonekana jirani huweza kuwa mwendo wa nusu saa. Mzee mwenye magoti mabovu aangalie ramani, na achague iliyo karibu na kituo cha basi au cha treni ya juu inayopita upande wa mashariki wa barabara hiyo. Wenye watoto wakumbuke kwamba aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kukaa katika ukumbi wa kamari, hata akiwa anamsubiri mama yake.

Tulikuwa tumefika hapo katika maelezo yetu, tukijisikia wataalamu, ndipo Mama alipofungua kinywa. Aliweka simu mezani akaonyesha kwa kidole. Chini ya kila hoteli kati ya zile tatu, mahali pa bei, pameandikwa sifuri.

“Baba,” alisema, “mimi sikusoma sana. Lakini nimekuwa mama lishe miaka ishirini. Simpi mtu sahani ya bure ila yule anayekula kwangu kila siku. Mwanangu anakula nini pale?”

Hatukuwa tumeiona ile sifuri. Tulikuwa tumemtazama mzee muda wote.

Hebu tuieleze, kwa maana wengi hudhani chumba cha bure ni zawadi ya bahati. Kampuni za kasino hutoa kadi za uanachama. Mchezaji huichomeka kadi yake katika mashine, au humkabidhi msimamizi wa meza, na tangu hapo kila dau huhesabiwa. Kampuni haiangalii sana kama mtu alishinda au alishindwa siku ile. Inakokotoa kiasi ambacho, kwa kawaida ya mchezo, lazima ashindwe.

Tuchukue mfano wa ruleti ya Kimarekani. Gurudumu lina vishimo 38: namba 1 hadi 36, sifuri moja, na sifuri mbili. Ukiweka dola moja kwenye kila kishimo umetoa dola 38. Mpira utaangukia mahali pamoja, nawe utalipwa 35 pamoja na dola yako ile, jumla 36. Mbili zimebaki kwa mwenye nyumba. Mbili kati ya 38 ni asilimia 5.26, na hakuna dua wala mbinu inayoibadilisha. Baadhi ya meza za siku hizi zimeongeza sifuri tatu, na hapo mwenye nyumba huchukua asilimia 7.69. Sasa mtu anayeweka dola 10 kila mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, ameweka dola 400 kwa saa. Kwa wastani ataacha pale dola 21. Akicheza saa nne kila usiku kwa usiku tatu, ameacha takribani dola 252. Mtu aweza kushinda usiku mmoja, bila shaka. Kampuni inaweza kusubiri.

Kutokana na hesabu hiyo humrudishia mchezaji sehemu tu ya hasara yake anayotarajiwa kuipata, kwa namna ya chakula, tiketi na vyumba. Vyumba vyenyewe mara nyingi ni vya siku za katikati ya juma, ambavyo vingebaki vitupu. Mtu anayepewa usiku mmoja wa bure huenda alicheza kidogo tu. Lakini anayeweza kuwapa wazazi wake usiku sita, katika hoteli yoyote kati ya tatu za kampuni moja, kampuni hiyo inamfahamu vizuri sana.

Hatukuhitaji kuyasema yote hayo. Mzee, aliyeijua kamari kuliko sisi, alikuwa ameinamisha kichwa tangu mkewe alipotaja sahani ya bure. Alisema tu kwamba kijana alipokuwa mdogo alikuwa akitumwa dukani kulipia mikeka ya baba yake.

Walimpigia simu jioni ile kutoka nyumbani kwao. Hatukuwapo, na waliyosemezana ni yao. Tunachoweza kueleza ni yale aliyoturuhusu kueleza. Amekuwa na kadi ile tangu mwaka wake wa pili wa kazi. Aliwaza kwamba kuwapa wazazi wake vyumba vile kungekuwa njia ya kupata kitu chema kutokana na fedha zilizokwisha kupotea. Wako wengi wanaowaza hivyo. Ugumu ni kwamba mwaliko wa bure huja na tarehe, na katika tarehe hizo kampuni inamtarajia mwenye kadi awepo jengoni. Baada ya mazungumzo yale aliiandikia kampuni iache kumtumia matangazo na imfungie mikopo, jambo ambalo kasino za Nevada zinawajibika kumruhusu mteja kulifanya. Pia amejiunga na kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha kamari, kinachokutana katika mji anaoishi.

Safari haikufutwa, na hilo lilitufurahisha. Wazazi walitaka kumwona mtoto wao, na Las Vegas ina mengine ya kuona, korongo la Red Rock na bwawa kuu la Hoover yakiwa nje kidogo ya mji. Tena wana mahali pa kusali. Jimbo la Las Vegas, lililoundwa mwaka 1995, limekuwa Jimbo Kuu tangu mwaka 2023, na Kanisa Kuu la Malaika Mlinzi limesimama hatua chache kutoka Strip, katikati ya mahoteli. Lilijengwa mwaka 1963 kwa michoro ya Paul Revere Williams, Mmarekani mweusi aliyekuwa miongoni mwa wasanifu mashuhuri wa majengo wa wakati wake, juu ya kiwanja kilichotolewa na Moe Dalitz, mwenye kasino ya Desert Inn. Waamini wake wengi ni wageni wa hotelini, na katika vikapu vya sadaka hutokea vile vipande vya kuchezea kamari, ambavyo kanisa huvibadilisha kuwa fedha. Tumewahi kubishana na mapadre wenzetu kama ni haki kuvipokea. Sisi tunaona ni haki, ingawa tusingependa kujua kila kimoja kilitoka mfukoni mwa nani. Upande wa kusini wa Strip kuna pia kanisa la hija la Mkombozi Mtakatifu. Anayechagua hoteli aangalie ramani ajue lipi liko karibu naye, kwa maana Jumapili asubuhi joto na umbali ni visingizio vyepesi.

Wameamua kwenda Oktoba, wakati hali ya hewa ni ya kuvumilika. Wamechagua hoteli ndogo nje ya Strip, isiyo na kasino, yenye kifungua kinywa ndani ya bei na basi mbele ya mlango. Kijana ameilipia kwa mshahara wake, usiku sita, na ameomba likizo ili alale chumba cha pili. Walipokuja kutuaga na kuomba baraka ya safari, mzee alikuwa na hati ya malipo imechapishwa. Tuliisoma pamoja: jumla ya mwisho, kodi ndani yake, amana ya dola 50. Mahali pa jina la mgeni palikuwa na jina la Mama, kwa maombi yake mwenyewe, na kadi ya benki ilikuwa kwenye mkoba wake.